Daktari Aliyenipokonya Mama

Niseme mapema, nisije nikadhaniwa mwema: yule daktari sikumpenda. Nilimtafuta mwenyewe miezi mitatu mizima, na siku nilipompata nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshaanza kumwonea wivu, na wivu ule nimekaa nao miaka kama mgeni asiyejua kuaga. Nataka kumweleza alivyokuwa. Sitampunja haki yake, lakini sitajifanya pia.

Alikuwa daktari wa akili za wazee. Chumba chake kilikuwa Mikindani, nyuma ya duka la dawa, chini kabisa, kwa kuwa alisema mzee akipandishwa ngazi hufika juu na hasira, na hasira zile huandikwa kuwa ugonjwa. Nje ya mlango paliwekwa benchi la mbao. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Mgonjwa aliingia ndani, mlango ukafungwa, na aliyemleta akabaki benchini kusoma tangazo la dawa za minyoo.

Kabla yake nilizunguka sana. Hospitali ya kwanza walinisikiliza mpaka nilipotaja umri wa Mama, kalamu ikawekwa chini. "Dada, huo ni uzee tu," akaniambia kijana mmoja mwenye koti jeupe. Ya pili palikuwa na daktari wa akili, lakini foleni yake ilikuwa ya vijana wa unga wa kulevya, na Mama alipowaona akajifunika buibui gubigubi, akageuka. Alikuja shehe akasoma, Mungu amlipe. Alikuja bibi mmoja kutoka Shelly Beach na kombe la kunywa, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji. Mama alilinywa lote kwa adabu, akarudi kitandani. Kula hakuli, kutoka hatoki, kusema hasemi. Alikuwa akikonda mbele ya macho yangu, na mimi sina mama mwengine. Nilitaka jambo moja tu duniani: aniambie ana nini.

Yalianza baada ya Baba kufariki. Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, ndani, bila mapambo wala manukato, kama wajane wote wa kwetu Timbwani. Mimi ni mtoto wake wa pekee, kwa hivyo shughuli ya kumtoa edani ilikuwa yangu. Nafanya kazi Changamwe, ng'ambo ya feri, na siku zile ndiko nilikokuwa nikikaa, katika ofisi ya mawakala wa forodha, na kazi yangu ni kuhesabu siku ambazo kontena limekaa bandarini kabla ya kutolewa. Sijawahi kukosea hata moja. Nikahesabu kwenye kalenda ya ofisini, nikatangaza Jumamosi, na majirani wakaipokea siku ile bila kuuliza, maana mwenye shughuli ndiye mwenye siku. Nikaja na kina mama, udi na asmini. Dira mpya, gauni pana nililompelekea wiki moja nyuma, nikaikuta imekunjika mgongoni, nikamlaumu fundi cherehani kwa uvivu wa kupiga pasi. Tukamwogesha, tukamvisha, tukala pilau. Mama alikuwa kimya. Tukasema ni huzuni, itapita. Tangu siku ile hakutoka tena nje ya ua.

Basi nikampeleka Mikindani, na ili akubali kupanda gari nikamwambia tunakwenda kwa daktari wa macho.

Tuliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara, mfupi, mnene wa mikono. Koti jeupe hakuvaa. Viatu vyake alikuwa ameviacha mlangoni, na kiti chake alikuwa amekichagua kifupi kuliko cha mgonjwa, hata ikambidi amtazame Mama kwa chini.

"Shikamoo, shosho," akasema, wanavyowaita mabibi huko bara.

Mama hakuwa amefungua kinywa tangu feri. Akainua uso. "Marahaba. Lakini mimi si shosho wa mtu."

"Nisamehe. Nikuite nani?"

"Mama yatosha."

"Haya, Mama. Nani amekuleta?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mzee. Wengine huuliza waumwa na nini, yeye aliuliza nani amekuleta, kisha akanyamaza kungoja. Mimi nilikuwa pale pale, mkoba wa Mama mapajani, jasho la kumshusha garini halijanikauka. Mama akanitazama, akamtazama yeye.

"Nimeletwa ni gari."

Daktari hakucheka, akaandika. Nikacheka mimi, peke yangu, kicheko cha aibu.

"Na umeambiwa mimi ni daktari wa nini?"

"Wa mato."

"Hujaambiwa kweli. Mimi ni daktari wa akili na huzuni za wazee. Kama hutaki, mlango ule pale, sitakasirika."

Niliomba ardhi ipasuke. Mama akajiweka sawa kitini, akavuta leso yake. "Huyu hasemi urongo," akasema, na mimi hakunitazama. Daktari akanionyesha benchi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukweli aliutoa mapema, kama mtu anayelipa nauli kabla hajaombwa. Aliwapima wazee damu na sukari kwanza, akawapunguzia dawa walizorundikiwa na madaktari watano wasiojuana, ndipo akaanza kuzungumza nao. Kwa Mama alisema ni sonona, huzuni iliyokaa mpaka ikawa ugonjwa, akampa kidonge kimoja cha asubuhi. "Uzee si ugonjwa," alipenda kusema, "na ugonjwa wa mzee si uzee." Msemo wake mwengine ulikuwa huu: "Mzee akipoteza ufunguo, usimuulize ufunguo uko wapi. Muulize alikuwa anataka kwenda wapi." Nilivichukia visemo vile kwa sababu vilikuwa kweli, na kwa sababu Mama alivirudia nyumbani wakati wa kula.

Siku moja aliniruhusu niwemo ndani, alipokuwa akimpima Mama kumbukumbu. Akamuuliza leo ni tarehe ngapi.

"Mfungo pili, mwezi kumi na saba," akajibu Mama.

"Mama," nikamkatiza, "sema tarehe ya kawaida."

Daktari akanigeukia. "Ya kawaida ya nani?"

Akainuka, akaenda dukani mbele, akarudi na kalenda ya msikiti yenye tarehe mbili mbili. Akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika. Mama alikuwa amepatia: mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku ya kumi na saba. Tangu siku ile kalenda ile ikatundikwa pale ukutani, na mtu wa bara, Mkristo wa kwaya, akajifunza kuhesabu mwezi kutoka kwa mama yangu. Akawa akija nyumbani kwetu kumtazama Mama, anauliza mfungo mosi, mfungo pili, anaandika kwenye daftari lake dogo. Mimi, mtoto wa Timbwani, nilikuwa nikienda jikoni kugonganisha sufuria.

Kicheko nacho. Miezi saba sikumsikia Mama akicheka, na nilipokuja kumsikia, ilikuwa kupitia mlango uliofungwa, mimi nikiwa benchini na minyoo yangu. Nilikaza sikio nisikie kilichomchekesha. Sikupata neno. Wallahi, nilitamani niugonge ule mlango kwa teke.

Mara ya kwanza Mama kurudi jikoni, alipika vibibi. Aliloweka mchele, akausaga, akakoroga tui, akasimama mbele ya jiko saa nzima. Nililia machozi ya furaha mlangoni. Kisha akavipanga kwenye sahani, akavifunika kwa kawa na kusema, "Hivi ni vya daktari. Wewe kula vile vilivyoungua."

Msidhani daktari alikuwa malaika. Aliwakataza wagonjwa sukari, na chai yake mwenyewe ilikuwa na vijiko vitatu. Alikuwa mkali. Watoto wa wazee aliwaona wote kuwa washtakiwa, hasa sisi tunaokuja na funguo za gari mkononi. Aliwahi kumfukuza mwanamume mzima aliyemjibia baba yake maswali, akamwambia, "Nenda kanunue maji." Na mumewe! Alikuwa mstaafu wa bandari, mtu mrefu mpole. Alikuwa akija jioni kumchukua, akangoja garini na gazeti, saa moja, saa mbili, akimaliza gazeti akilianza upya. Simu ya daktari ikilia mezani akiwa na mzee, aliigeuza uso chini. Alijua kuwasikiliza wazee wote wa Mombasa isipokuwa mmoja. Hilo nililiona, nikaliweka, kwa kuwa mwenye wivu hutunza ila za mwenzake.

Mwezi wa tatu wa matibabu kuna siku Mama alitoka mle ndani macho mekundu, lakini ametembea mwenyewe hadi garini bila kunishika mkono. Usiku ule alikula sahani nzima ya wali. Nikamuuliza, "Mlizungumza nini?"

"Ya kuzungumzwa."

Siku ya pili nikaacha makontena, nikaenda Mikindani peke yangu. Nikamwambia daktari, "Mimi ni mwanawe."

"Najua. Ndiyo maana si mimi wa kukuambia."

"Ni mimi niliyemkosea?"

Akatia sukari katika chai yake, kijiko kimoja, viwili, vitatu. Akakoroga muda mrefu. "Muulize yeye. Na ukimuuliza uwe umekaa chini."

Nilikaa chini kwenye mkeka, miguu nimeikunja kama mtoto wa chuo cha Kurani, nikamuuliza. Mama alinitazama, midomo ikamcheza kama anayetaka kusema. Kisha akasema, "Nishamwambia daktari. Yatosha."

Basi mtu wa bara aliyekuja kumwita mama yangu shosho ndiye alikuwa na ufunguo wa kifua chake, na mimi niliyetoka tumboni mwake nilikuwa nabisha nje. Wivu ulinifanyisha jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya miadi ilipofika, Mama alikuwa amevaa, amejitia wanja, vibibi vimefunikwa. Nikamwambia Mama kwamba daktari amesafiri kwenda kwao. Akavua buibui taratibu, akaketi kitandani akitazama mlango. Siku mbili hakula. Daktari akanipigia simu mwenyewe.

"Sikuwaona juzi."

Sikuwa na ujasiri wa kumwongopea. Nikasema yote.

Nilingoja matusi. Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena, "Dada, wangojeshe watu wote. Mama yako usimngojeshe. Yeye usimngojeshe kabisa." Nikafikiri ananihubiria. Nilimrudisha Mama Mikindani wiki ile ile, lakini maneno yale sikuyaelewa.

Miaka ikaenda hivyo. Mama akarudi kuwa mtu: anakwenda arusini, anagombana na muuza samaki, ananikosoa ninavyovaa. Mimi nilikuwa nimeshapewa nilichoomba, isipokuwa kile kimoja.

Kisha mume wa daktari akafariki ghafla, garini, gazeti mkononi, akimngoja. Alizikwa kwao bara. Daktari akarudi, lakini duka la dawa wakatuambia haji tena. Amejifungia nyumbani kwake, hapo hapo Mikindani, simu hapokei. Mama alipoambiwa hakulia. Alitoka uani, akatazama angani kuutafuta mwezi, akaingia ndani.

Tangu hapo, kila ikiadhiniwa magharibi, akawa anachukua punje moja ya mbaazi na kuitia kwenye kikombe cha kahawa. Nikimuuliza ananiambia, "Nna jambo langu." Kikombe kikajaa, akachukua cha pili. Mimi moyo ukanianguka. Nikasema ugonjwa umerudi, na safari hii umekuja na mbaazi. Nikaanza tena kupiga simu: hospitali, vituo, marafiki wa marafiki. Daktari wa akili za wazee? Hakuna. Yupo mmoja Mikindani, wakaniambia, mtafute huyo, ni mzuri sana. Nilikata simu nikaona namlilia mtu niliyemchukia.

Asubuhi moja nikamkuta Mama amevaa buibui. Pembeni pana kikapu: leso mpya doti moja, chupa ya marashi, chetezo, udi, na asmini zimefungwa kwenye kitambaa kibichi.

"Ndoo twende Mikindani. Daktari siku zake zimetimia."

"Siku gani, Mama?"

"Za kukaa."

"Mama, yule ni Mkristo. Kwao hakuna eda."

"Kwao hakuna. Lakini amekaa. Na akaaye hutolewa."

Nikatoa simu. Hesabu ndiyo kazi yangu. Nikaanza siku aliyofariki mumewe, nikahesabu miezi minne, nikaongeza siku kumi. "Hata ingekuwa ni eda," nikasema, na nilikuwa na raha kidogo ya kumkosoa, "zimebaki siku nne."

Mama akaweka kikapu chini. "Kwa kalenda ya ofisini. Eda yahesabiwa kwa mwezi wa angani, nao ni mfupi kuliko wenu. Zimetimia jana magharibi." Akanionyesha vikombe vyake. "Wewe hesabu zako zachelewa siku nne."

Alisema bila ukali. Kisha akafunga mdomo kama mtu aliyedondosha kitu, na mimi nikakiona kilichodondoka. Nikaketi pale pale sakafuni.

"Mama. Zako zilitimia lini?"

"Jumanne."

"Na mimi nilikuja Jumamosi."

"Ulikuja Jumamosi."

Akaketi kitandani. Akanieleza akitazama mikono yake. Jumanne ile aliamka alfajiri, akaoga, akaivaa dira mpya, akakaa akitazama mlango. Alisema nitakuja asubuhi. Ilipopita akasema adhuhuri, nitakuwa nimekwama kivukoni. Alasiri ikapita. Magharibi akaivua dira, akaikunja kama alivyoweza, akavaa tena nguo zake za eda. Jumatano akaivaa tena, akakaa tena. Alhamisi hakuivaa.

Nikaikumbuka ile mikunjo ya mgongoni. Na fundi cherehani masikini, niliyemtolea maneno mbele za watu.

"Mbona hukunipigia?"

"Nikwambie n'ni? Mjane apige simu, aseme siku zangu zimekwisha, njooni mnitoe? Watu wangesema yule alikuwa ahesabu siku atoke, hata hamu ya mumewe hana." Akapangusa goti lisilo na vumbi. "Kitwa changu kilijua umekosea hesabu. Moyo ndio ulonambia, huenda mwanao hana haja utoke. Daktari kila mara alinambia nikwambie. Nami naona haya, mwanangu. Haya za kukungoja."

Nikamwekea kichwa mapajani, nikalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Nimekuwia radhi kitambo. Inuka, yule yuwangoja."

Tukaenda. Njia nzima nilikishika kikapu, asmini zikinukia garini. Na nitasema kweli, kwa kuwa nimeahidi: hata nikiwa na machozi, wivu ulikuwepo. Mbaazi zote zile Mama alimhesabia daktari. Yeye alikuwa anakwenda kutolewa siku yake, saa yake, na mama yangu. Lakini nilifikiri pia kuhusu miaka ile yote aliyonivumilia benchini, macho makavu, akijua kosa langu kutoka mwanzo hadi mwisho. Angelitamka mara moja tu ningenyamaza milele. Hakulitamka, hata siku ile ya simu nilipokuwa nimestahili.

Nyumba yake ilikuwa na pazia zimevutwa na majani yameota hadi kizingitini. Nikasita mlangoni, najipangusa uso.

"Bisha," akasema Mama. "Asingojeshwe."

Nikabisha. Tulisikia miguu mitupu ikija polepole. Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Alikuwa amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, amevaa fulana ya mumewe iliyomfika magotini. Akamtazama Mama. Akakitazama kikapu, akakiona chetezo, akaelewa, maana alikuwa ameandika mambo yale yote kwenye daftari lake. Kisha akaniona mimi, na macho yangu, na nadhani alielewa hilo pia, kwa kuwa alishusha pumzi kama aliyetua mzigo wa mtu mwengine.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akaliokota lile swali alilolizoea.

"Nani amekuleta?"

Nikainama. Jibu lake nalijua, nimeishi nalo.

Mama akanishika mkono, akanivuta mbele yake mpaka kizingitini. "Nimeletwa ni mwanangu huyu," akasema. "Leo kaja kwa siku yake."